Kufuatilia Setilaiti Iliyozeeka: Mfano wa ERS-2 na Lugha ya Kukadiria

1. Utangulizi

Siku ya Jumatano, tarehe 21 Februari 2024, setilaiti ya Ulaya iitwayo ERS-2 iliingia tena katika angahewa na kuvunjikavunjika juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kaskazini, kati ya Alaska na Hawaii. Ilikuwa saa 17 na dakika 17 kwa saa za kimataifa, zile ambazo wataalamu huziandika UTC. Haikuripotiwa hasara yoyote ya mtu wala ya mali. Chombo hicho kilikuwa kimeizunguka dunia kwa muda wa karibu miaka 29, na njia yake ilijulikana vizuri. Hata hivyo, wiki moja kabla ya mwisho wake hapakuwa na mtaalamu aliyeweza kutaja saa ya kuanguka kwake, wala bahari au nchi ambayo ingepokea mabaki yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo, ambalo kwa mtazamo wa kwanza linafanana na kitendawili: chombo kinajulikana mahali kilipo leo, lakini hakijulikani kitaanguka lini. Maelezo yake ni ya kifizikia, na hayahitaji hesabu ngumu. Lakini jambo lenyewe lina upande wa lugha pia. Msemaji wa Kiswahili hapati habari hizi kutoka katika rada. Anazipata kwa maneno, na mara nyingi maneno hayo yamekwisha kupita katika lugha nyingine moja au mbili. Ikiwa mfasiri hakuelewa ni kitu gani kinachojulikana na ni kitu gani kinachokadiriwa tu, tafsiri yake itasema uongo hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

2. Setilaiti yenyewe

ERS-2 ilikuwa mali ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA), yaani chombo cha serikali kadhaa kwa pamoja. Ilirushwa tarehe 21 Aprili 1995 kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, kwa roketi ya aina ya Ariane 4. Iliifuata ndugu yake ERS-1, iliyotangulia mwaka 1991. Kazi yake ilikuwa kuitazama dunia: kupima kimo cha uso wa bahari na cha mawimbi, kupima gesi ya ozoni, na kupiga picha za ardhi kwa rada. Picha za rada hupatikana usiku na mchana, tena hata kama mawingu yametanda. Kwa nchi za ikweta, ambazo mawingu yake ni mengi, faida ya jambo hilo haihitaji kuelezwa.

Setilaiti hiyo ilitengenezwa ifanye kazi kwa miaka 3. Ikaifanya kwa miaka 16. Uzee wake ulianza kuonekana mapema. Mwanzoni mwa mwaka 2001 jairoskopu zake, yaani vyombo vinavyoiwezesha setilaiti kutambua imeelekea upande gani, zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba wahandisi walilazimika kubuni njia nyingine ya kuielekeza. Mwezi wa Juni 2003 vinasa data vyake navyo vikashindwa. Tangu hapo haikuweza tena kuhifadhi data. Iliweza kuzituma tu ilipopita mahali panapoonekana na kituo cha kupokea.

Mwaka 2011 ESA iliamua kuistaafisha. Katika miezi ya Julai na Agosti mwaka huo injini zake ziliwashwa mara 66, ili kuishusha kutoka kimo cha kilomita 785 hadi kilomita 573 hivi. Mafuta yalimalizwa, betri zikaondolewa umeme, na tarehe 5 Septemba 2011 ikazimwa kabisa. Kulikuwa na sababu mbili. Kwanza, tangi lenye mafuta na betri yenye umeme vinaweza kulipuka baada ya miaka, na setilaiti moja ikageuka kuwa vipande mamia. Pili, kama ingeachwa katika kimo chake cha zamani ingeendelea kuzunguka kwa miaka 100 hadi 200, ilhali katika kimo cha chini ilitazamiwa kuteremka yenyewe kabla ya miaka 15 kupita. Ikateremka baada ya miaka 12 na miezi kadhaa.

Kuanzia siku ile ya kuzimwa, ERS-2 haikusikia amri wala haikujibu. Uzito wake wa mwisho ulikadiriwa kuwa kilo 2,294. Aliyetaka kujua ilipo hakuwa na njia ila kuitazama kutoka nje.

3. Jinsi inavyoonekana

Njia za kuitazama setilaiti iliyonyamaza ni tatu hasa.

Njia ya kwanza ni mwanga wa jua. Setilaiti haina taa. Huonekana kwa sababu jua huiangaza. Kwa hiyo inaonekana vizuri baada tu ya magharibi na kabla ya mapambazuko, wakati ambapo ardhi iko gizani na chombo kilicho juu bado kimo katika mwanga. Mtu aliyesimama uani anaweza kuiona kama nyota inayotembea bila kumetameta, ikivuka anga kwa dakika chache. Darubini hufanya kazi ileile kwa usahihi zaidi, lakini mawingu yakitanda haina msaada.

Njia ya pili ni rada. Rada hutuma mawimbi ya redio na kusubiri mwangwi wake. Muda ambao mwangwi umechukua kurudi hueleza umbali wa chombo, na mabadiliko ya mawimbi hueleza mwendo wake. Rada haijali usiku wala wingu. Miongoni mwa rada zilizoitazama ERS-2 katika siku zake za mwisho ni ile ya TIRA, iliyoko Wachtberg karibu na Bonn nchini Ujerumani, yenye sahani ya kipenyo cha mita 34.

Njia ya tatu ni leza. ERS-2 ilibeba vioo maalumu vinavyorudisha mwale wa leza kule ulikotoka, na kwa njia hiyo umbali wake uliweza kupimwa hadi sentimita. Lakini leza humtaka mpimaji ajue kwanza mahali pa kuelekeza mwale. Ni chombo cha kusahihisha, si cha kutafutia.

Katika miaka ya karibuni imeongezeka njia nyingine: setilaiti kuitazama setilaiti. Kati ya tarehe 14 Januari na 3 Februari 2024 kampuni ya HEO ya Australia iliipiga ERS-2 picha kadhaa kwa kamera zilizokuwa angani. Katika picha hizo inaonekana ikijigeuzageuza, na bawa lake kubwa la kukusanyia nguvu za jua likiwa bado limeshikamana na kiwiliwili.

4. Mistari miwili

Vipimo vyote hivyo hufupishwa katika maandishi ambayo kwa mwanaisimu yana mvuto wake. Marekani hutunza orodha ya vitu vinavyoizunguka dunia. Katika orodha hiyo ERS-2 ina namba 23560, na kimataifa inaitwa 1995-021A, yaani: mwaka 1995, urushaji wa 21 wa mwaka huo, kitu cha kwanza. Kwa kila kitu huandikwa mistari miwili ya tarakimu, kila mstari ukiwa na nafasi 69. Muundo huo ni urithi wa siku ambazo kompyuta zililishwa kadi zilizotobolewa matundu.

Hakuna neno hata moja linaloeleza tarakimu hizo. Ni kama viambishi katika kitenzi cha Kiswahili: katika *alikiona*, msikilizaji humtambua mtenda, wakati na mtendwa kwa mpangilio wao, bila kuambiwa kipi ni kipi. Vivyo hivyo hapa, nafasi ndiyo inayotoa maana. Sehemu fulani ni tarehe ya kipimo, inayoandikwa kwa siku za mwaka na sehemu za siku. Kwa mfano, saa ya mwisho ya ERS-2 ingeandikwa kuwa siku ya 52 ya mwaka 2024 na sehemu 0.72 ya siku. Sehemu nyingine ni mwinamo wa njia, nyingine ni umbo lake, nyingine ni idadi ya mizunguko kwa siku, na nyingine ni kiasi ambacho hewa inakizuia chombo.

Idadi ya mizunguko ndiyo inayofichua kuteremka. ERS-2 ilipokuwa katika kimo cha kilomita 785 iliizunguka dunia mara 14.3 kwa siku. Karibu na mwisho wake mizunguko ilizidi 16. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: hewa humzuia kila kinachopita ndani yake, lakini setilaiti inayozuiwa na hewa huongeza mwendo. Sababu ni kwamba inapopunguziwa nguvu hushuka, na inaposhuka hukimbia, kama jiwe linaloteremka mlimani.

5. Nani yuko chini ya njia

Kabla ya kuuliza chombo kitaanguka lini, inafaa kuuliza kinaweza kuanguka wapi. Jibu linatokana na mwinamo, yaani pembe iliyopo kati ya njia ya setilaiti na ikweta. Setilaiti haiwezi kupita kaskazini wala kusini kuliko mwinamo wake unavyoruhusu.

Mfano mmoja wenye jina la Kiswahili unaeleza jambo hili vizuri. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, Waitaliano waliirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, lililoko baharini karibu na Malindi. Iliitwa *Uhuru*, kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kuchunguza mionzi ya eksi itokayo katika nyota. Mwinamo wake ulikuwa nyuzi 3 tu. Ilipoteremka mwezi wa Aprili 1979, watu wa Paris au Moscow hawakuwa na sababu ya kuinua macho. Ukanda wake ulikuwa mwembamba, ukipita juu ya Kongo, Uganda, Kenya na nchi nyingine za ikweta.

ERS-2 ilikuwa kinyume chake. Mwinamo wake ulikuwa nyuzi 98.5, kwa hiyo ilipita karibu na ncha zote mbili za dunia huku dunia yenyewe ikijizungusha chini yake. Katika siku chache ilipita juu ya kila nchi. Hivyo, kusema kwamba ingeweza kuanguka Kongo ilikuwa kweli, na kusema kwamba ingeweza kuanguka Kanada au Indonesia ilikuwa kweli vilevile. Kwa kuwa kiasi cha asilimia 71 ya uso wa dunia ni maji, kweli iliyokuwa kubwa kuliko zote ni kwamba huenda ingeanguka baharini.

6. Kwa nini saa haijulikani

Setilaiti huanguka wakati wote. Mtu akirusha jiwe mbele, jiwe hupinda na kugusa ardhi. Akilirusha kwa nguvu zaidi, hugusa mbali zaidi. Kama angeweza kulirusha kwa mwendo wa kilomita 7.5 hivi kwa sekunde, juu ya hewa nzito, ardhi ingepinda chini yake kadiri jiwe linavyopinda, na jiwe lisingeigusa kamwe. Kama pangekuwa hapana hewa kabisa, saa ya mwisho ya setilaiti isingekuwepo.

Lakini hewa haina mpaka mkali. Hata katika kimo cha kilomita 500 kuna chembe chache za hewa, na setilaiti huzigonga siku zote. Haba na haba hujaza kibaba: kila mzunguko huipunguzia nguvu kidogo, nayo hushuka kidogo na kukuta hewa nzito zaidi, ambayo huipunguzia nguvu zaidi. Karibu na kimo cha kilomita 80 joto na mkazo huivunja. Sehemu kubwa huungua. Kwa vyombo vikubwa, kwa kawaida asilimia 10 hadi 40 ya uzito huweza kufika chini, vipande vikiwa vimetawanyika katika ukanda wa mamia ya kilomita.

Ugumu wa hesabu unatoka katika mambo mawili. La kwanza ni jua. Jua linapochangamka, kama linavyofanya katika vipindi vya miaka 11 hivi, huipasha joto hewa ya juu, nayo huvimba na kuwa nzito zaidi katika njia za setilaiti. Kituo cha Marekani cha Skylab kilianguka tarehe 11 Julai 1979, mapema kuliko ilivyotazamiwa kilipoachwa, kwa sababu jua lilichangamka kupita makadirio. Vipande vyake viliifikia Australia ya Magharibi. Jambo la pili ni mkao wa chombo. Setilaiti iliyokufa hujigeuzageuza, na hewa huizuia kwa kiasi tofauti kulingana na upande inaoukabili, kama ubao unavyozuiwa na mto ukisimamishwa au ukilazwa.

Kutokana na hayo, wataalamu huchukulia kwamba kosa la makadirio linaweza kufika sehemu moja ya tano ya muda uliobaki. Zikibaki siku 5, kosa ni siku nzima kuzidi au kupungua. Zikibaki saa 10, ni saa 2. Ikibaki saa moja, ni dakika 12. Dakika 12 ni chache kwa mtu anayesubiri basi. Lakini setilaiti hupita kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,570 kwa mstari ulionyoka, kabla dakika 4 hazijatimia. Katika dakika 12 huwa imekwenda zaidi ya kilomita 5,000. Kosa dogo la wakati ni kosa kubwa la mahali. Na hapo ndipo kitendawili cha mwanzo kinapoteguka.

7. Lugha ya kukadiria

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya lilieleza, kwa uchunguzi wa awali, kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Ni kweli kwamba hatari ya mtu mmoja kuumizwa na vitu vya angani ni ndogo mno. ESA huikadiria kuwa chini ya moja kwa bilioni 100 kwa mwaka. Lakini tukio la Mukuku linaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili nao wamo miongoni mwa wanaostahili kuambiwa mambo haya kwa lugha yao, na kuambiwa sawasawa.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hiyo. *Kupima* ni kupata kiasi kwa chombo. *Kukokotoa* ni kupata kiasi kwa hesabu. *Kukadiria* kunatokana na *kadiri*, yaani kiasi. Anayekadiria ana vipimo mkononi, naye anakiri kwamba havimfikishi mwisho. *Kukisia* ni hafifu zaidi, na *kubahatisha* ni kuiachia bahati. *Kutabiri*, kwa upande mwingine, kulihusiana tangu zamani na kufasiri ndoto na kutangaza yajayo; ingawa leo linatumika kwa hali ya hewa, bado lina harufu ya uaguzi. Rada hupima mahali pa setilaiti. Wataalamu hukadiria saa ya mwisho wake. Mfasiri anayesema kwamba walitabiri amewavika kanzu isiyo yao.

Tofauti hiyo haimo katika msamiati peke yake. Linganisha mifano hii miwili, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya:

(a) Setilaiti itaanguka Jumatano saa moja usiku.

(b) Inakadiriwa kwamba setilaiti itaingia katika angahewa Jumatano tarehe 21 Februari, saa 19 za Lubumbashi, saa mbili kuzidi au kupungua, yaani kati ya saa 17 na saa 21. Mahali bado hapajulikani.

Katika (a) kiambishi *-ta-* kimesimama peke yake, na msikilizaji hana sababu ya kukitilia shaka. Tena *itaanguka* humfanya aone chombo kizima kikishuka, ilhali kinachotazamiwa ni kuvunjika na kuungua. Katika (b) *inakadiriwa* imekitawala kitenzi chote kinachofuata, na maneno *kuzidi au kupungua* yameeleza ukubwa wa kosa. Sentensi ni ndefu, lakini urefu huo ndio habari yenyewe. Anayeukata kwa ajili ya wepesi wa kusikika ameitupa habari na kubaki na ganda.

Limebaki suala la saa. Saa 17 na dakika 17 za kimataifa ni saa 18 na dakika 17 za Kinshasa, ambayo kwa Kiswahili ni saa kumi na mbili na dakika 17 jioni. Ni saa 19 na dakika 17 za Lubumbashi, yaani saa moja na dakika 17 usiku. Mahali ambapo saa za Kiswahili na saa za Kifaransa hutumika bega kwa bega, tangazo lisilosema ni saa zipi huweza kupotoka kwa saa 6, na katika saa 6 setilaiti huizunguka dunia mara 4. Tena kwa hesabu ya jadi ya Waswahili, usiku hutangulia mchana wake: jioni hiyo ya Jumatano, baada ya jua kutua, tayari ni usiku wa Alhamisi. Wataalamu watakuwa wamesema Jumatano, na mzee wa pwani atakuwa ameelewa usiku uliokwisha kupita.

8. Hitimisho

Kisa cha ERS-2 kinaonyesha kwamba kufuatilia setilaiti iliyozeeka si kazi ya kuondoa shaka, bali ni kazi ya kuipima shaka na kuipunguza siku hadi siku. Kila kipimo kipya huifanya nafasi ya kosa iwe nyembamba zaidi, hadi dakika ile ambayo chombo hakipo tena. Kwa sababu hiyo, tangazo la Kiswahili kuhusu jambo la namna hii linapaswa kuwa na mambo manne: kilichopimwa, kilichokadiriwa, kiasi cha kuzidi au kupungua, na saa zilizotajwa waziwazi kuwa ni za wapi, pamoja na tarehe yake. Vyombo vingi vya kizamani bado viko juu, na vingine vitateremka katika miaka ijayo. Rada za kuvifuatilia ziko katika nchi chache. Lakini kazi ya kuieleza shaka yao kwa Kiswahili bila kuificha wala kuitia chumvi haihitaji rada, na ni wajibu wa wale wanaoisoma na kuifundisha lugha hii.